Kinosaki na Mama: maji moto, theluji na nyumba ya wageni ya Kijapani

Nimesharudi Tanga, mabegi yako wazi hapa sebuleni, nimekaa na daftari langu na picha za simu niandike hii safari kabla haijachanganyikana kichwani. Naandika hasa kwa watu wetu wa pwani, maana kila ninayemtajia riokani, yaani zile nyumba za wageni za asili za Kijapani zenye mabafu ya maji moto yanayotoka ardhini, swali lake la kwanza ni si wanaoga uchi wote pamoja? La pili, si watakulisha nguruwe na pombe? Ndio, hayo yapo. Lakini mie nimekwenda na mama yangu mzazi, mtu mzima wa miaka sitini na kitu ambae hatoki nje bila ushungi, akaoga kwa sitara yake yote, akala akashiba. Inawezekana kabisa, ila ujipange mapema.

Masomo yangu Osaka yalikuwa yamekwisha na Mama alikuja tufunge nyumba pamoja turudi. Ana magoti yanayomsumbua miaka sasa, na Februari ya Osaka ilimkaba haswa. Nikasema kabla hatujapanda ndege nampeleka Kinosaki Onsen, mji mdogo kaskazini mwa mkoa wa Hyogo, karibu na Bahari ya Japani. Ilikuwa imebaki kama wiki mbili Ramadhani iingie.

Kabla ya kuondoka

Kazi kubwa yote ilifanyika hapa, kwenye meseji. Niliandikia nyumba kadhaa na maombi yangu yalikuwa manne: nguruwe hapana, pombe isiingie kwenye upikaji (pamoja na mirin, ile sukari yao ya maji yenye kilevi, wanaitia karibu kila mchuzi), nyama ya ng'ombe na kuku pia hapana kwa sababu ya kuchinja, na kaa hapana. Hilo la kaa ndio liliwashangaza, kwa sababu Kinosaki kuanzia Novemba mpaka Machi watu wanaifuata kwa ajili ya kaa, wale wa matsuba wenye miguu mirefu, na bei za vyumba zinapanda juu kwa sababu yao. Nyumbani kwetu kaa haliwi, toka enzi za babu, sasa Mama hawezi kuanza uzeeni.

Nyumba moja ilijibu kwa adabu kwamba michuzi yao inatayarishwa mapema na sake, pombe yao ya mchele, imo ndani, hawawezi kubadilisha. Hilo nililipenda, bora mtu akwambie ukweli. Nyumba nyingine ndogo ikasema sawa, tupe siku nne za kujiandaa, na wakauliza swali ambalo sikulitarajia: je sahani na visu navyo viwe mbali? Hapo hapo nikaweka nafasi. Usiku wa kwanza na chakula cha jioni na cha asubuhi yeni 22,000 kwa kichwa, sawa na laki tatu na sabini hivi za kwetu, usiku wa pili na chakula cha asubuhi tu yeni 13,000. Ukitaka mlo wa kaa kamili hesabu ianzie kama elfu thelathini kwa kichwa kupanda juu.

Kwa atakayekwenda: riokani inahesabu bei kwa mtu, sio kwa chumba, usije ukaona bei ukadhani mnagawana wawili. Na juu yake kuna kodi ndogo ya kuoga, yeni 150 kwa mtu kwa usiku, inalipwa pale pale.

Jumatano, Osaka mpaka Kinosaki

Treni ya haraka kutoka Shin-Osaka inakwenda moja kwa moja, kwa kawaida chini kidogo ya saa tatu, nauli kama yeni elfu sita kwa mtu. Mpaka Sanda hakuna la kusimulia. Baada ya Sasayamaguchi milima ikaanza kutubana, na mapaa yakaanza kuwa meupe, Mama akaacha kuzungumza kabisa, paji la uso kwenye kioo. Alikuwa hajaona theluji maishani mwake.

Fukuchiyama tukasimama. Wakatangaza kwamba mbele theluji imeangusha mianzi kwenye reli, subirini. Tulisubiri zaidi ya saa moja, hita zikifanya kazi lakini mlangoni baridi inaingia. Upande wa pili alikaa bibi mmoja na kapu lake, akamwangalia Mama anavyosugua magoti, akanyanyuka bila neno akamwekea mapajani vifuko viwili vya joto, vile vya unga wa chuma ambavyo ukivifungua vinapata moto vyenyewe, akamwonyesha kwa mikono abandike juu ya nguo, sio kwenye ngozi. Mama nae hakubali kupewa akakaa bure, akafungua mkoba akatoa ubuyu. Nikamweleza bibi kuwa unamumunywa, kokwa unaitema. Akala mmoja, akafumba macho kwa ukali, halafu akanyoosha mkono aongezewe. Midomo yao ikawa myekundu wote wawili. Mpaka treni inaondoka walikuwa wanaonyeshana picha za wajukuu, na hakuna hata mmoja anaejua lugha ya mwenzie.

Tulifika Kinosaki saa kumi kasoro. Nje ya stesheni zimepangwa geta, vile viatu vya mbao, kila jozi na jina la nyumba yake. Begi likikulemea, kuna gari dogo linalozungushia wageni mahotelini, muonyeshe dereva jina la nyumba uliyofikia. Ukifika mapema kabla ya saa tisa mchana, muda wa kupewa chumba, nyumba yako itapokea mzigo wewe ukaenda kutembea.

Sasa mapokezi. Viatu unavivua mlangoni kabisa, unapewa sapatu, na sapatu nazo unaziacha kabla ya kukanyaga tatami, ile mikeka minene ya chumbani, na chooni kuna sapatu zake nyingine zisizotoka humo. Mama hilo hakufundishwa, kwao wamekua hivo hivo, kiatu hakipiti mlango. Na vyoo vyao vina maji ya kujisafishia, ya uvuguvugu, hapo hatukuwa na shida yoyote.

Aliyetuhudumia ni mama mmoja mfupi, nywele nyeupe zimefungwa kisogoni, nadhani sabini amepita. Alifungua mlango wa karatasi, akapiga magoti chini, akaweka vidole vya mikono sakafuni akainamisha kichwa kutukaribisha. Mama akanigeukia, "Mwanangu, huyu si mkubwa kwangu? Mbona anapiga magoti yeye?" Nikamwambia ndio kazi yao, ndio heshima wanayompa mgeni. Hakukubali. Akashika ukingo wa meza, akashuka taratibu na yale magoti yake mabovu mpaka akawa chini nae, akasema, "Shikamoo dada." Nikatafsiri. Yule bibi akainama tena, zaidi ya mwanzo, Mama nae akainama, nikaona hapa tutakesha. Toka dakika ile yule bibi alimshika Mama kama mdogo wake wa tumbo moja. Akatuwekea chai ya kijani na kitumbua laini cha maharage matamu, akasogeza meza ndogo pembeni bila kuambiwa alipoona mswala unatolewa begini, akaleta shuka jeupe safi akalitandika pale. Kwa anaeuliza kibla, ukiwa kule unaelekea magharibi na kupinda kidogo kaskazini.

Bafu ndio lililotupeleka kwa hiyo nilieleze vizuri. Riokani nyingi zina bafu la wanawake na la wanaume, mbali mbali, na humo ndani hakuna nguo, hata taulo haliingii majini. Lakini nyingi pia zina bafu la kukodi la familia, kashikiri wanaliita, mnafunga kwa ndani mko peke yenu. Kwetu lilikuwa bure dakika 45 kwa wageni wa nyumba, sehemu nyingine wanatoza yeni elfu mbili au tatu. Unaandika saa yako mapokezi, unapewa kibao cha mbao, unakitundika mlangoni na hapo hakuna atakaegusa komeo.

Kwanza unaoga kwa sabuni, umekaa kwenye kigoda na bomba lako na ndoo yako, unajisuuza mpaka povu liishe, ndio unaingia kwenye maji ya moto. Yale maji sio ya kujisafishia, unaingia ukiwa umeshatakata. Nilimsugua Mama mgongo pale kwenye kigoda, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nizaliwe, yeye ndie aliyenisugua mie. Bafu lenyewe la mbao, refu kama la kutosha watu wanne, maji yanaingia kona moja bila kukatika na yanamwagikia ukingoni. Mama akasema bismillahi akatia mguu, akautoa, akautia tena. Ni nyuzi 42 hivi, yanauma kwanza kama vile mwili unapigana nayo halafu unakubali. Akashuka mpaka mabegani. Nje ya dirisha theluji inaanguka kwenye ua wa mawe. Baada ya muda akajilamba mdomo akaniambia, "Haya maji yana chumvi." Na kweli, maji ya Kinosaki yana chumvi ndani yake, ndio sababu joto linakaa mwilini muda mrefu ukishatoka. Dakika kumi nikamtoa akapumzike, kisha akarudi. Mwenye presha au moyo asikae kwa mkupuo mmoja, na kunywa maji mengi kabla na baada.

Chakula cha jioni kikaletwa chumbani saa kumi na mbili, kwa zamu, visahani vidogo vidogo: tofu laini yenye ufuta, figili zilizochemshwa hadi zinakatika kwa kijiti, samaki buri wa kuchoma kwa chumvi (buri ndio samaki wa baridi wa bahari ile, ana mafuta mazuri), uyoga, supu ya mwani, na chungu kidogo cha samaki na mboga juu ya moto mbele yako. Samaki mbichi Mama hakumgusa. Bibi alimwona, akachukua sahani bila kukunja uso, dakika tano akarudi nae amechomwa. Wali ulikuwa mtamu peke yake, Mama aliula mkavu, na huo wali una habari yake, nitaifikia.

Tulipotoka kuswali isha tukakuta magodoro yameshatandikwa chini na mablanketi mazito. Mama alilala fofofo mpaka alfajiri.

Alhamisi, mjini

Mavazi: unapewa yukata, kanzu ya pamba ya kufunga kwa mshipi, na koti zito la juu kwa ajili ya baridi, na mji mzima wageni wanatembea hivo. Upande wa kushoto ukae juu ya wa kulia, kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti, na bibi alitukagua mlangoni wote. Mama aliivaa juu ya gauni lake na ushungi wake kichwani. Geta kwenye theluji hazifai kwa mtu mzima, tukaazimwa mabuti ya mpira.

Mji wenyewe ni mto mdogo katikati, Otani, mierebi pande mbili, madaraja ya mawe yaliyopinda, na mabafu saba ya umma yamesambaa kando yake. Wanasema mji mzima ni nyumba moja: stesheni ndio mlango, barabara ndio ukumbi, riokani ndio vyumba na yale mabafu saba ndio bafu la nyumba. Na sio maneno tu. Ukilala kwenye riokani yoyote unapewa pasi ya kuingia mabafu yote saba bure, wakati mtu wa kupita analipa. Hilo walilipigania. Tarehe 23 Mei 1925 tetemeko na moto vilifuta karibu mji wote, yale madaraja ya mawe ni ya ujenzi wa baada ya hapo. Wakati bado wanajenga, kukazuka kesi kati ya waliotaka kuvuta maji moto ndani ya nyumba zao na waliosema maji ni ya mji, ikaenda miaka na miaka, wakapatana mwaka 1950. Mabafu ya ndani yakaruhusiwa lakini yasizidi ya nje. Ndio maana usiku hoteli hazimezi watu, wote wako barabarani, maduka madogo yanaishi. Nawaza sana mambo haya nikiona fukwe zetu zinavyozungushiwa kuta.

Mabafu ya umma hatukuingia, Mama hakutaka na mie pia sikutaka. Lakini kuna sehemu za kuosha miguu tu, nje, bure, na hapo tulikaa sana. Unakaa kwenye benchi, unavua soksi, unatumbukiza mpaka katikati ya muundi. Beba taulo dogo lako. Wasichana wawili kutoka Kobe wakaona hina ya Mama mikononi, ilikuwa imeanza kufifia rangi ya chungwa, na piko kwenye kucha, wakaomba kupiga picha. Mmoja akauliza kama ni tatuu. Nikaeleza ni majani, yanatoka. Dada zangu chukueni hili: mabafu mengi Japani yanakataa tatuu, na hina mbichi nyeusi wanaweza kuidhania. Kinosaki mabafu yale saba hayakatai tatuu, lakini kwingine ulizeni kwanza.

Karibu na bafu liitwalo Kono-yu, chini ya mlima, kuna chemchemi yenyewe, maji yanabubujika hapo yakiwa na kama nyuzi 80. Unanunua mayai dukani kando, yanatiwa kwenye wavu, unayaning'iniza majini dakika kumi na kitu. Tulikula tumesimama, na chumvi, theluji inatuangukia, na Mama akataka mengine. Hadithi ya mji inasema mtawa mmoja, Dochi, aliomba siku elfu moja, maji yakatoka mwaka 720. Na bafu la Kono-yu wanasema liligunduliwa na korongo aliyeumia mguu, akawa anakuja kuutia majini mpaka akapona. Mama akaangalia magoti yake akasema basi na mie nimefika mahali pangu.

Juu ya mlima kuna hekalu na unapandishwa na kibanda cha kwenye waya, tuliacha, upepo ulikuwa mkali. Jioni tulikula samaki na wali wa dukani chumbani. Onyo hapa: usiku huo hatukuwa na chakula cha nyumba, na saa mbili migahawa mingi imeshafunga au inataka uwe umeweka nafasi. Nunueni mapema.

Ijumaa, Toyooka halafu kurudi

Unatoka chumbani saa nne. Bibi alitufuata mpaka barabarani bila koti, akampa Mama kifurushi, ndani vifuko vya joto kumi na mifuko miwili ya ule wali, mchele mbichi. Mama akatoa kanga yake mpya iliyokuwa begini akamfunika mabegani pale pale.

Korongo wanastahili nusu siku. Toyooka ni dakika kumi kwa treni, na bustani yao iko nje ya mji, tulichukua teksi. Korongo mweupe wa mwisho wa porini Japani alifia huku Toyooka mwaka 1971, sumu za mashambani zilimaliza vyura na samaki wa kwenye majaruba na wao wakaisha. Mwaka 1985 wakaletewa vifaranga kutoka Khabarovsk, Urusi, 1989 kifaranga cha kwanza kikaanguliwa, na 2005 wakawaachia porini. Lakini ndege wa kuachiwa anakula nini? Basi wakulima wakabadilisha kilimo, sumu kidogo au hakuna kabisa, majaruba yanajazwa maji hata wakati wa baridi ili vyura na wadudu wapate pa kuishi, na mchele wake unauzwa ghali kidogo kwa jina la korongo. Ndio ule wali.

Mjomba wetu analima mpunga Mombo, kwa hiyo hapa Mama ndie aliyeuliza maswali, mie mkalimani. Magugu wanayaondoaje bila dawa? Maji wanayapata wapi kiangazi? Dereva wa teksi, mwana wa mkulima, alijibu yote: maji ya kina kirefu yanayazuia magugu mengi, mengine ni mkono na mgongo. Alisimamisha gari kando ya jaruba, korongo watatu wako kwenye maji meusi katikati ya theluji, wanatembea polepole wanachoma midomo chini. Mita ya gari akaizima. Nilipomwonyesha haihesabu akasema mkulima akizungumza na mkulima hatozwi. Mama alikuwa anarekodi video kwa ajili ya mjomba, anaeleza kina cha maji kwa kiganja.

Treni ya kurudi ilikwenda bila tatizo, Osaka jioni, siku ya pili uwanja wa ndege. Jumla kwa wote wawili, nauli, malazi, chakula, teksi na mayai, ilifika kama yeni laki moja na elfu tano. Ni pesa nyingi, najua. Ukiwa na bajeti ndogo lala usiku mmoja tu, chukua nyumba isiyo na chakula, nenda Aprili au Juni kaa wakiwa hakuna, itashuka karibu nusu. Bafu la kukodi usilikate hata iweje.

Ule ujumbe wa Kijapani wa maombi manne niliouandikia riokani ninao, umeandikwa kwa heshima inayotakiwa na mwenyeji mmoja aliusahihisha. Anaetaka aniambie nimtumie aunakili. Mjomba ameshaupanda ule mchele kwenye kopo, nimemwambia mchele ulioshakobolewa hauoti, anasema acha ajaribu.